Sarafu mezani

Jana jioni nilisimama kwenye baridi ya Lyon nikiuza maandazi kwa ajili ya Téléthon, harambee ya Ufaransa ya kuchangia utafiti wa magonjwa adimu. Mwanangu ana Duchenne, ugonjwa unaodhoofisha misuli. Akitaka kuinuka sakafuni, hutambaza viganja juu ya mapaja yake mwenyewe, pole pole, mpaka asimame. Bibi mmoja alimwaga sarafu zote za pochi yake mezani, akachukua andazi moja tu. Machozi yalinitoka.

Wafaransa wanachanga hivi kila Desemba tangu 1987, na chama kinachoiandaa harambee hii, AFM, kilianzishwa na wazazi kama mimi, mwaka 1958. Michango hiyo ndiyo iliyojenga maabara ya Généthon pale Évry, karibu na Paris, mwaka 1990. Nani mwingine angegharamia utafiti wa ugonjwa wa watu wachache?

Ndugu zangu mlioko Ufaransa, namba ya simu ya kuchangia ni 3637. Hata euro 5.