Siku moja maishani mwangu: nachora waya wa betri ya moyo nikiwa Mikindani

Saa 11 alfajiri. Adhana haijaisha nishafungua laptopu, maana jana usiku nimeacha kompyuta ya kampuni huko Ulaya inapiga hesabu peke yake na nimelala nikiwaza imefika wapi. Imemaliza. Kwenye skrini kuna picha ya waya mwembamba umejikunja, rangi ya bluu karibu wote, isipokuwa sehemu moja ndogo nyekundu kabisa, kama milimita mbili hivi, yaani pale waya unapokunjwa kupita kiasi. Hiyo nyekundu ndio itanila siku nzima.

Watu nikiwaambia nafanya kazi kwenye betri za moyo (pacemaker), kile kifaa cha kuuamsha moyo upige kwa umeme, wanadhani natengeneza lile boksi lenye betri. Hapana, mi nachora waya. Boksi linakaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, alafu kutoka pale waya unaingia kwenye mshipa wa damu, unashuka mpaka ndani ya moyo, na ncha yake inashika kwenye nyama ya moyo kwa skrubu ndogo ya kama milimita mbili. Umeme unaopita pale ni kidogo mno, volti 2.5 kwa muda wa milisekunde 0.4, lakini moyo unausikia na unapiga. Boksi likiisha chaji baada ya miaka, daktari anafungua ngozi anachomoa la zamani anachomeka jipya, yule mtu anarudi nyumbani. Waya hauna hiyo nafasi. Ukishakaa mwaka na zaidi mwili unaufunga kwa makovu, unagandana na mshipa na moyo wenyewe, kuutoa ni operesheni ya hatari ya peke yake. Kwahiyo waya inabidi udumu, na hilo ndilo limenishika kwenye hii kazi miaka yote.

Saa 12 na nusu asubuhi. Chai na mihogo ya kuchemsha, nimekaa kizingitini, kusi inavuma bahari yote ina mawimbi madogo meupe. Bibi jirani anafagia uwanja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, umeamkaje? Taa yako nimeiona toka usiku."

Huyu bibi ana betri ya moyo, kawekewa Dar pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na aliporudi aliambiwa mkono wa kushoto asiunyanyue juu ya bega wiki kadhaa mpaka waya ushike vizuri. Alivumilia. Ila zile wiki zilipoisha akaja kwangu na swali moja ambalo sijawahi kulikuta kwenye karatasi yoyote ya kazini, akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, mchi naushika au siushiki?" Nikamwambia akamuulize daktari wake kwanza, ndio jibu sahihi, lakini lile swali lilinikaa kichwani. Maana ukweli ni kwamba hesabu zetu zina mtu anayechana nywele, anayefunga mkanda wa gari, anayecheza gofu hata, lakini mtu anayetwanga makopa kwa ajili ya bada, ugali wetu wa muhogo, kila siku ya Mungu hayumo. Wala mtu wa kubeba mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho mwezi kama huu wa Julai, ambayo mkanda wake unapita juu kabisa ya pale boksi linapokaa.

Saa 2 asubuhi mpaka saa 5. Kazi yenyewe. Ngoja nieleze kwanini ile nyekundu inaniumiza.

Ndani ya waya kuna koili, nyaya nyembamba kama unywele zimesokotwa pamoja kama springi. Chuma chake ni aloi inaitwa MP35N, ina nikeli, kobalti, kromi na molibdeni, haishiki kutu kirahisi na inavumilia kukunjwa, na katikati mara nyingi wanaweka fedha ili umeme upite bila kupotea. Kwanini koili na sio waya ulionyooka? Chukua waya ulionyooka ukunje mara nyingi sehemu moja, utakatika. Ukiusokota kuwa springi, ule mkunjo unagawanyika kwenye mizunguko mingi, kila mzunguko unajizungusha kidogo tu badala ya kipande kimoja kubeba mzigo wote. Juu ya koili kuna ngozi ya silikoni au poliyurethani. Silikoni ni laini, mwili unaipokea vizuri ila ikisuguana inalika. Poliyurethani ni ngumu na inateleza, lakini miaka ya 80 aina moja laini ya hiyo poliyurethani ilikuja kupasuka ndani ya miili ya watu, nyufa kwa nyufa, kwasababu ilikuwa inavutwa huku kemikali za mwili zinaila, na madini yanayotoka kwenye koili yenyewe nayo yanaila kwa ndani. Ndio maana mtu akiniambia "hii plastiki ni mpya na ni nzuri sana" mi namuuliza nzuri baada ya miaka mingapi.

Sasa moyo unapiga tuseme mara 70 kwa dakika. Kwa siku ni mapigo 100,800. Kwa miaka 10 ni karibu milioni 368, na kila pigo waya ulioko ndani unajikunja kidogo. Huo ni mkunjo mdogo lakini hauna likizo. Alafu kuna mikunjo mikubwa michache zaidi, ya bega, pale waya unapopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Hapo ni kama mlango unaofungwa kwenye waya, madaktari wanalijua hilo tatizo vizuri, ndio maana wengi siku hizi wanaingilia mshipa wa pembeni zaidi kukwepa ile njia nyembamba.

Nyekundu yangu haiko kwenye mtulinga lakini. Iko mwisho wa kile kipira cha kufungia. Daktari akishaingiza waya hawezi kuufunga kwa uzi moja kwa moja, uzi utakata ngozi ya waya, kwahiyo kuna kipira kidogo cha silikoni kinavaa juu ya waya, uzi unafungwa juu ya kipira. Tatizo ni pale kipira kinapoishia. Angalia chaja ya simu yako, inakatika wapi? Shingoni, pale waya laini unapotokea kwenye kitu kigumu. Ni hivohivo. Mkono ukinyanyuka na kushuka waya wote unataka kukunjikia pale pale.

Wiki iliyopita niliomba ruhusa kwa binti wa bibi jirani, nikaweka simu mbili, moja mbele moja ubavuni, nikamrekodi anatwanga. Nimehesabu mapigo 50 kwa dakika, na alitwanga nusu saa, kwahiyo 1,500 kwa siku moja. Mkono unapita juu ya kichwa unashuka kwa nguvu, na mwishoni bega linapokea mshtuko wa kinu. Nikachukua zile pembe za bega nikaziweka kwenye modeli badala ya zile za kuchana nywele. Ndio hesabu iliyomaliza usiku. Mkunjo pale kwenye shingo ya kipira umeongezeka kiasi cha kunitoa usingizini kabisa.

Saa 5 na robo. Miting. Umeme ulikata dakika tano kabla, inveta ikachukua, nikatumia bando la simu, sauti ikawa sawa. Nikaonyesha picha. Mkuu wa timu alinyamaza muda, ni mtu makini sana huyu mama, akaniuliza umepima watu wangapi. Mmoja. Akasema mmoja sio takwimu. Nikamwambia najua, lakini watu wanaotwanga, wanaolima kwa jembe la mkono, wanaochota maji kisimani kwa kamba ni wengi duniani, hilo halihitaji nilithibitishe hapa. Hawa wanawekewa nyaya zilezile. Mwenzetu mmoja akasema kiwango cha Ulaya cha betri za moyo, EN 45502-2-1, tunakipita, waya unakunjwa mara 47,000 na pale karibu na kiunganishi, unapochomekwa kwenye boksi, mara 82,000 na haukatiki. Ni kweli, na ni jaribio zuri maana mkunjo wake ni mkali kuliko wa kawaida. Lakini jaribio lile linapima waya, halipimi waya ukiwa umefungwa kwenye kipira na kipira kimeshonwa kwenye msuli wa kifua wa mtu anayetwanga. Nilisema hivyo, sauti ikapanda kidogo, sikuomba radhi kwasababu nilikuwa sijamtukana mtu.

Mwisho wakakubali mambo mawili. Nichore kipira kipya, na niandike mpango wa kupima watu wengi zaidi.

Saa 7 mchana. Wali, samaki kibua, tembele. Huwa mchana namfikiria Arne Larsson, yule Mswidi, mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri ya moyo mwilini, Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Mhandisi alikuwa Rune Elmqvist, daktari mpasuaji Åke Senning. Boksi la kwanza lilifanya kazi saa chache tu likafa. Nyaya walizishona moja kwa moja juu ya moyo, kifua kimefunguliwa. Larsson akaishi mpaka 2001, akabadilishiwa maboksi zaidi ya 20, na kilichomuua ni ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka huohuo wa 1958 huko New York Seymour Furman akapitisha waya kwenye mshipa wa damu mpaka ndani ya moyo bila kufungua kifua, na waya ninaochora leo ni mjukuu wa ule. Kwenye miaka ile ya mwanzo nyaya zilikuwa zinakatika sana. Kila koili, kila tabaka tulilonalo leo limewekwa pale kwasababu mahali fulani kuna waya ulikatika ndani ya mtu.

Saa 8 mpaka saa 11 jioni. Kuchora. Kipira cha zamani kinaishia ghafla, kama kimekatwa kwa kisu. Nimekirefusha mwisho wake kwa milimita 6, unene unapungua polepole mpaka unakuwa kama karatasi, kama ule mpira wa waya wa pasi pale unapotoka kwenye mpini. Inaonekana rahisi lakini kila ukigusa kitu kimoja kingine kinalalamika. Kipira kikiwa kirefu kinahitaji nafasi kubwa chini ya ngozi, na kuna watu wembamba, bibi yangu jirani mmojawapo, kitu kikivimba chini ya ngozi kinaweza kuisugua mpaka ikatoboka. Nikitumia silikoni laini zaidi mkunjo unagawanyika vizuri ila uzi wa daktari unaizamia. Na waya wenyewe siwezi kuunenepesha tu nimalize, maana mshipa una nafasi yake, leo mtu ana waya mmoja, miaka kumi mbele anaweza kuhitaji wa pili, na ncha ikiwa ngumu sana inaweza kutoboa ukuta wa moyo. Kwenye hiyo ncha wenzetu wameweka dawa, dekisamethasoni chini ya miligramu moja, inatoka kidogokidogo ili nyama ya moyo isivimbe pale ilipochomwa na betri isilazimike kusukuma umeme mwingi. Yaani kitu chembamba cha milimita mbili kina duka la dawa ndani yake.

Nina vipira vya sampuli mezani, vilikuja kwa posta. Nikakivalisha kimoja kwenye kipande cha waya, nikafunga uzi fundo la daktari mara tatu, mara ya kwanza kwa upole, ya pili kawaida, ya tatu nimekaza kama mtu mwenye haraka mwisho wa zamu. Nikaangalia kwa hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye laptopu. Ile ya tatu silikoni ilikuwa imeingia ndani imebana waya. Daktari mwenye haraka yupo kila mahali duniani, kwahiyo mchoro wangu lazima umvumilie na yeye. Nikaongeza mfereji wa uzi uwe na sakafu ngumu kidogo. Hii sehemu naipenda kuliko zote, pale mikono inapokuambia kitu ambacho hesabu haikusema.

Saa 12 jioni. Nimepeleka kazi kwenye foleni ya kompyuta, mikunjo 14 tofauti, mitatu kati yake ni ya kutwanga. Itamaliza alfajiri Mungu akipenda. Alafu nikaanza kujaza fomu ya kuomba kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwasababu kupima watu sio kurekodi jirani tu, kuna ridhaa, kuna usiri, lazima ueleze kila kihisio utakachombandika mtu begani na kitatolewa vipi. Ukurasa wa tatu wanauliza washiriki ni akina nani. Nikaandika wanawake na wanaume wazima wanaotwanga au kulima kwa jembe, wasio na betri ya moyo.

Saa 1 na nusu usiku. Bibi kaleta sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, imefunikwa kwa kawa, kakaa mkekani.

"Haya, wamekubali hao wa huko?"

"Wamekubali nusu, bibi. Wanataka watwangaji wengi, mmoja hatoshi."

"Wengi si wapo? Kesho nakwambia nani na nani. Na mimi niandike."

"Wewe hapana bibi, wewe unao waya tayari, siwezi kukupima."

Kanyamaza anamenya king'oko, kapitisha mkono pale kwenye kovu lake chini ya mtulinga kama anavyofanya siku zote akiwa anawaza.

"Basi nitakaa pembeni nihesabu," kasema. "Huyo binti yangu ulisema 50? Akiwa mwenyewe hana simu mbele yake anafika 60."

Nikafungua daftari nikaandika 60, na alama ya kuuliza pembeni yake.