Shirikisho la Somalia na ushuru wa bandarini

Mjadala wa muundo wa serikali nchini Somalia huendeshwa kana kwamba ni imani mbili zinazoshindana. Upande mmoja husema kwamba shirikisho lilibuniwa katika mikutano ya amani iliyofanyika Kenya, iliyozaa hati ya mpito ya mwaka 2004, na kwamba shabaha yake ilikuwa kuwagawa watu wa lugha moja na dini moja. Upande wa pili hujibu kwamba serikali iliyokusanya madaraka yote Mogadishu ndiyo iliyowaua wananchi wake, na kwamba anayetaka kuirudisha ana lake jambo. Kadiri ninavyozifuatilia hoja hizi ndivyo ninavyoona kwamba zote mbili zinayakwepa maswali yanayowagombanisha viongozi kweli kweli, yaani nani atoze ushuru bandarini, nani aweze kubadilisha masharti ya muungano, na nani aamue pale wanapokosana.

Woga wa serikali kuu hauhitaji nadharia. Mwaka 1988 utawala wa Siad Barre, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi ya Oktoba 1969, uliwakabili waasi wa kaskazini kwa kuupiga mji wa Hargeisa kwa mizinga na ndege, na baadhi ya ndege hizo ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo. Katikati ya Hargeisa leo imesimamishwa ndege ya kivita ya MiG juu ya mnara wa kumbukumbu, na mtoto anayepita hapo kila siku hana haja ya kusoma ibara yoyote ya katiba ili aelewe kwa nini wazee wake hawataki kusikia habari za kutawaliwa kutoka Mogadishu. Utawala ule ulipoanguka Januari 1991, Somaliland, yaani kaskazini ilipo Hargeisa, ilitangaza kujitenga mwezi Mei mwaka huohuo, na mwaka 1998 Puntland ikaunda utawala wake mjini Garowe bila kujitoa katika Somalia. Kwa hiyo hati ya 2004 haikuivunja nchi iliyokuwa nzima. Ilivikuta vipande tayari ikajaribu kuviunga.

Hata hivyo watetezi wa serikali moja wana hoja ambayo sisi tunaopenda shirikisho huwa tunaipita haraka. Ibara ya 49 ya katiba ya muda ya mwaka 2012 iliruhusu mikoa miwili au zaidi, kwa kufuata mipaka ya mikoa 18 iliyokuwapo kabla ya 1991, kuungana kwa hiari na kuwa jimbo mwanachama. Katika maandishi hilo ni suala la jiografia tu. Katika hali halisi, majimbo yaliyoundwa baadaye, Jubaland mwaka 2013, Kusini Magharibi mwaka 2014, Galmudug, na Hirshabelle mwaka 2016, yalizaliwa kwa mapatano ya wakubwa wa koo na wenye bunduki, na jamii ndogo zilizojikuta ndani ya mipaka hiyo zikawa wachache mbele ya mkubwa aliye jirani badala ya mkubwa aliye mbali. Mtawala hawi mpole kwa sababu tu ofisi yake iko karibu.

Sasa tuje kwenye fedha. Katiba ya muda ya 2012, katika ibara ya 54, iliikabidhi serikali ya shirikisho mambo manne pekee: uhusiano wa nje, ulinzi wa taifa, uraia na uhamiaji, na sera ya fedha. Mengine yote, pamoja na mgawanyo wa mapato na maliasili, yaliachwa kujadiliwa baadaye. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa neno "baadaye", hasa nchi ambayo kodi inayokusanyika kwa urahisi ni ile ya forodha. Anayeshika bandari ya Mogadishu anashika sehemu kubwa ya mapato ya ndani ya serikali kuu. Bosaso inailisha Puntland. Kismayo inailisha Jubaland. Galmudug na Hirshabelle hazina bandari kubwa ya kulingana na hizo, hivyo husubiri mgawo kutoka Mogadishu, na anayesubiri mgawo hupiga kura kama anayetoa mgawo anavyotaka. Ndiyo maana majimbo mawili yenye bandari zake yamekuwa wakaidi kuliko mengine, jambo ambalo wachambuzi wengi hulieleza kwa tabia za viongozi wake wakati daftari la forodha lingetosha kulieleza.

Mtazame dereva wa lori anayetoka Mogadishu kuelekea Baidoa. Mzigo wake umeshalipiwa ushuru bandarini. Njiani hukutana na vizuizi vya askari na wanamgambo, na katika vingi vya hivyo hulipa bila kupewa karatasi yoyote, kisha hulipa tena mbele. Anapofika kwenye kizuizi cha al-Shabaab hulipa pia, lakini huko hupewa risiti, na akiionyesha katika kizuizi chao kinachofuata hapaswi kulipa mara ya pili. Waliochunguza jambo hili wameeleza kwamba wasafirishaji huisifu njia hiyo kwa sababu gharama yake inajulikana mapema. Kundi linaloipinga katiba nzima limetatua tatizo la kodi mbili kwa mzigo mmoja, ilhali Mogadishu na majimbo, wenye wizara za fedha na washauri wa kila aina, bado wanalivuta.

Kuhusu mwamuzi, hali ni mbaya zaidi. Katiba ya 2012 ilitaja Mahakama ya Katiba, na zaidi ya miaka kumi ikapita bila kuundwa. Machi 2024 bunge mjini Mogadishu lilipitisha mabadiliko ya sura nne za kwanza za katiba. Puntland ikasema haikushirikishwa, ikaondoa utambuzi wake kwa taasisi za shirikisho na kutangaza kwamba itajiendesha yenyewe. Novemba mwaka huohuo Ahmed Madobe alichaguliwa tena kuiongoza Jubaland katika uchaguzi ambao serikali kuu iliukataa. Mahakama ya Mogadishu ikatoa hati ya kumkamata Madobe, na mahakama ya Kismayo ikatoa hati ya kumkamata Rais Hassan Sheikh Mohamud. Desemba majeshi ya pande hizo yakapigana Ras Kamboni, na baadhi ya askari wa serikali kuu wakavuka mpaka kuingia Kenya. Mahakama mbili zikishatoa hati za namna hiyo, hakuna chombo cha tatu cha kuziweka kando isipokuwa bunduki.

Sudan Kusini ilionyesha mapema ubaya wa masharti yanayobadilishwa na mtu mmoja. Huko, baada ya vita kuzuka Desemba 2013, upande wa kiongozi wa waasi Riek Machar ulidai shirikisho la majimbo 21. Mkataba wa amani wa Agosti 2015 ulijengwa juu ya majimbo 10 yaliyokuwapo, lakini Oktoba Rais Salva Kiir alitoa amri ya kuunda majimbo 28, na Januari 2017 akayafanya 32. Kwa jina, wapinzani walipewa walichokiomba na zaidi. Kwa kweli mipaka mipya ilichorwa na upande mmoja wa vita, na mji wa Malakal, unaodaiwa na makabila ya Washiluk na Wadinka, ukawekwa katika jimbo ambalo Washiluk walisema limewanyang'anya mji wao. Februari 2020 nchi ilirudi kwenye majimbo 10, ikiongezewa maeneo matatu ya utawala, ili serikali ya umoja iweze kuundwa.

Nigeria inanitatiza, na afadhali niseme hivyo kuliko kuiacha nje. Mei 27, 1967, mtawala wa kijeshi Yakubu Gowon naye alitumia amri kuyavunja maeneo manne makubwa na kuunda majimbo 12, siku tatu kabla ya mashariki kujitangaza nchi huru ya Biafra, tena kwa nia ya wazi ya kuwapa watu wasio Waigbo wa mashariki majimbo yao. Vita vilipokwisha mwaka 1970, hapakuwa tena na eneo moja lenye ukubwa wa kutishia nchi nzima, na katiba ya 1979 ikamtaka mshindi wa urais apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo. Nadhani tofauti yake na Sudan Kusini ni kwamba jamii nyingi ndogo ziliitaka mipaka ile kabla ya vita. Bei yake nayo ilikuwa kubwa, kwa maana majimbo, ambayo sasa ni 36, kwa wingi wake huishi kwa mgao wa kila mwezi kutoka Abuja, kwa hiyo shirikisho hilo lina moyo wa serikali kuu.

Kwa Somalia ningeanza na fedha, kisha mahakama, na uchaguzi ungefuata. Hilo si ndoto, kwa sababu mwaka 2019 serikali kuu na majimbo waliweza kukubaliana namna ya kugawana mapato ya leseni za meli za kigeni zinazovua jodari. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, na huenda ndiyo sababu walielewana. Bandari ni jambo zito zaidi, ila sasa kuna msukumo mpya: Machi 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina ushuru wa pamoja wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya. Mogadishu, Kismayo na Bosaso zitalazimika kutoza viwango vilevile kwa shehena ileile, na hilo haliwezekani kabla hawajaandika, kwa asilimia, kiasi kinachobaki bandarini, kiasi kinachokwenda serikali kuu, na kiasi kinachofika Jowhar na Dhusamareb, miji mikuu ya Hirshabelle na Galmudug.