Mistari imejaa lakini video yakwama, kwani shida nini?

Watu wengi hudhani netwaki ni ile mistari pale juu ya simu tu, ikijaa basi kila kitu kitapita. Sivyo bana. Mistari yakwambia nguvu ya mawimbi, haikwambii yamefika yakiwa na hali gani.

Chukua mtu yuko kwa matatu yuwavuka daraja la Nyali huku anapiga video koli. Mawimbi ya mnara hayaji na njia moja, mengine yamenyooka, mengine yamegonga ghorofa za ng'ambo, mengine yamegonga maji pale chini au lori la mbele, alafu yote yanakutana kwa antena kila moja na kuchelewa kwake. Kuna saa yanaongezana, kuna saa yanauana. Na kwa masafa (frikwensi) ya 1800 MHz wimbi zima lina kama sentimita 17 tu, kwa hivyo simu ikisogea sentimita 8 hivi mambo yashageuka.

Sasa simu yajuaje? Mnara unachanganya pailoti ndani ya data, yani alama ambazo simu inazijua kabla hazijatumwa. Ikipokea inalinganisha, nilitarajia hivi nimepata vile, basi njiani kumefanyika hivi, alafu inatumia jibu hilo kunyoosha data iliyo jirani. Huko ndiko kukadiria chaneli, chaneli ikiwa ni hiyo njia ya mawimbi kutoka mnara hadi simu na yote yanayoyapata njiani.

Tatizo ni mwendo. Matatu ikienda kilomita 80 kwa saa, masafa yanayumba mpaka kama hezi 133 (ni hesabu ya Doppler, mwanafizikia aliyeeleza 1842 jinsi mwendo unavyogeuza masafa ya wimbi), na kwa kipimo cha haraka chaneli inabaki ile ile milisekunde 3 hivi tu. Treni ya SGR ikikata 120 ni milisekunde 2. Jibu umelipata saa hii, ukichelewa kidogo lishachacha.

Utasema si waongeze pailoti? Kila pailoti imekalia nafasi ya data, na antena zikiwa nyingi kila moja yataka zake. Ndio watu wakaingia kwa filta ya Kalman ya 1960, yani hesabu ya kufuatilia kitu kinachogeuka geuka, ambayo mimi naipenda sana manake inabashiri kwanza, pailoti ikifika inajirekebisha, na marekebisho yenyewe inayapima: noizi (kelele zinazochafua mawimbi) ikiwa nyingi inashikilia ubashiri wake, ikiwa kidogo inaamini pailoti. Lakini lazima uiambie chaneli yageuka kwa kasi gani. Ukiiweka ya mtu atembeaye kwa miguu alafu akapanda matatu, inabaki nyuma. Ukiiweka ya matatu na mtu amekaa zake ufukweni Mama Ngina anakula mihogo, inakimbizana na noizi bure! Kwangu mimi kujua mwendo ndiyo kazi yenyewe, filta ya kifahari baadaye.

Siku hizi kila mtu anakadiria chaneli kwa AI, sawa, nyingine zafanya kazi vizuri. Ila nyingi zafunzwa kwa chaneli za kuigizwa na kompyuta, na modeli inayotumika sana ni ile ya Clarke ya 1968 inayochukulia mawimbi yanakuja sawasawa kutoka pande zote. Haya panda feri ya Likoni uangalie mwenyewe hizo pande zote ziko wapi, nusu ni maji matupu. Kwa hivyo mtu akinionyesha grafu nzuri ya AI yake mi humuuliza tu, chaneli uliipimia wapi?