Nilivyopunguza gharama ya vidonge vya uzazi wa mpango hapa Moshi

Wanawake wenzangu wa Moshi, hasa sie wa biashara ndogo ndogo, hili naliandika kwa ajili yenu maana hela ya vidonge ilikuwa inanimaliza kimya kimya. Nilipomwachisha mtoto ziwa nikaenda hospitali moja ya binafsi, daktari akaniandikia cheti cha vidonge vya nje, nikawa nanunua kila mwezi zaidi ya elfu 20, na mimi nauza mitumba Mbuyuni, kuna mwezi biashara imelala unabaki unachagua vidonge au unga.

Siku hiyo nikamuuliza dokta wa duka la dawa, kaka hivi hamna vya bei ya chini? Hakunificha jamani. Akageuza boksi akanionyesha maandishi madogo ya nyuma, akasema dada usiangalie jina kubwa la mbele, angalia dawa iliyomo. Vyangu vilikuwa na homoni mbili, drospirenoni na ethinilestradioli. Akachukua boksi la vidonge vingine, Microgynon, nyuma imeandikwa levonorgestreli 0.15 mg na ethinilestradioli 0.03 mg, akasema kuzuia mimba vyote vinazuia ila homoni moja ni tofauti, kwa hiyo usijibadilishie mwenyewe, nenda kapime presha kwanza. Halafu akasema, mbona vituo vya serikali wanatoa bure.

Aisee. Miaka yote hiyo napita pale kituo cha afya Majengo na hakuna aliyewahi kuniambia, na hili linaniuma sana kwa sababu ndio sera ya nchi, huduma ya uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali hailipiwi.

Nikaenda asubuhi. Nesi alikuwa mama mtu mzima, akaniita mwanangu, akanipima presha, akaniuliza kama navuta sigara, kama napata kichwa cha upande mmoja kile kikali, kama nimewahi kuganda damu mguuni, kama bado nanyonyesha. Maswali hayo hospitali ya kulipia sikuulizwa hata moja! Akanieleza na vingine, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, kitanzi kile cha shaba kinachokaa hadi miaka 10, vyote bure. Sindano ilishawahi kunisumbua damu nikasema mama mimi nibakie kwenye vidonge, akaniandikia kadi, akanipa paketi za miezi kadhaa kwa mkupuo. Akafungua moja akanionyesha, hivi 21 ndio dawa, hivi 7 vya kahawia ni madini ya chuma, unavimeza tu mfululizo usiruke. Na kwa kuwa nilikuwa nahama, nianze paketi mpya kesho yake baada ya kumeza cha mwisho cha zamani, nisiache siku katikati.

Sasa hivi natumia nauli tu. Kuna wakati vinaisha stoo, hiyo ipo, kwa hiyo mimi naenda nikiwa bado na paketi moja nyumbani, nikikosa nanunua vya bei nafuu vyenye dawa ile ile, nampa muuzaji paketi tupu asome mwenyewe nyuma.

Mkifika msikae foleni ya wagonjwa, mtapoteza asubuhi nzima. Ulizeni kliniki ya mama na mtoto, semeni mmekuja uzazi wa mpango, na kama mlishatumia kitu bebeni boksi lake.