Siku Tuliyopiga Chokaa Uani

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021, wakubwa walikumbuka ghafla kwamba jiji lina mitaa. Mtaa wetu, huku upande wa Bondeni, ulikuwa umesahauliwa na kila mtu isipokuwa wakusanya kodi. Mabati yalikuwa yametoboka, mitaro imeziba, na bafu mbili kati ya nne hazikuwa na milango.

Nyumba za namna hii zilijengwa enzi za mkoloni kwa hesabu ya mwanamume mmoja: aje mjini, afanye kazi, mke abaki rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika. Ndiyo maana chumba ni kimoja, na choo ni cha safu nzima. Wake walipokuja, wakafuata watoto na wajukuu, chumba kilibaki vile vile. Mambo yote yakahamia uani. Hapo ndipo tulipopikia, tukaanika nguo, tukafanya harusi na tukalilia wafu wetu.

Msanifu majengo alifika Jumamosi asubuhi akabandika michoro yake ya kuutengeneza upya ua wetu kwenye ukuta wa bafu. Kwa kuwa nilikuwa nimesomea ujenzi chuoni, nilipewa kazi ya kushika futi. Kusema kweli mchoro ulipendeza: nyasi, miti, mabenchi, kijia cha matofali ya kabro kilichopinda vizuri, na taa ndefu ya mulika mwizi langoni. Wazee waliutazama, wakasema "kazi nzuri," wakaanza kuulizia soda. Sheria ya miji ya Kenya ya 2011 inataka wakazi washirikishwe, na nimehudhuria mikutano mingi iliyoishia hapo hapo, watu wakishatia sahihi kwenye orodha.

Aliyeuvunja utaratibu ule ni mama wa mandazi. "Mwanangu," akamwambia msanifu, "hizo karatasi mimi sizielewi. Hebu tuchoree hapa chini tuone."

Fundi mmoja mzee akatoa nusu mfuko wa chokaa iliyobaki kwenye kazi yake. Tukapigilia vigingi, tukavuta kamba, na mimi nikafuata kamba nikinyunyiza chokaa kwa mkebe wa Kimbo uliotobolewa matundu kwa msumari. Ilituchukua asubuhi nzima, maana udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano. Upepo kidogo tu, mstari umeondoka.

Ilipofika saa sita, ua ulikuwa na mchoro wa ukubwa wake halisi, na watu walikuwa wakitembea ndani yake. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Benchi lilikuwa limekaa juu ya jiko la mama wa mandazi. Kijia kilizunguka kwa madaha ilhali kila mwenye ndoo hukata moja kwa moja kutoka mferejini hadi bafuni, na njia hiyo ilionekana wazi, imekanyagwa hadi ikang'aa. Taa ilikuwa langoni, wanawake wakasema giza linalowatisha liko vyooni. Msichana mmoja wa shule alisema hilo mara mbili kabla wanaume hawajanyamaza wakamsikiliza.

Kisha mwenyekiti wa wapangaji, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza: "Na tenti la matanga tutalisimamisha wapi?"

Msanifu akatazama nyasi zake za chokaa. "Tenti lenyewe ni kubwa kiasi gani, mzee?"

Fundi akalipima kwa hatua, akihesabu kwa sauti, watu wakimsogezea viti. Sauti ya nyuma ikaongeza kwamba hata gari la maiti lazima lipate pa kugeukia. Mara ya mwisho lilirudi kinyumenyume hadi barabarani, jeneza likiyumba. Hapo hakuna aliyecheka.

Kijana yule msanifu nilimheshimu siku hiyo. Alifuta mistari kwa kiatu chake mwenyewe, akaniambia nivute kamba upya, akakaa nasi hadi alasiri bila kutaja ofisi iliyomtuma inataka nini.

Mchoro wa pili ulipoletwa, kijia kilikuwa kimenyooka, mulika mwizi imehamia vyooni, na katikati ya ua palikuwa na mstatili mtupu ulioandikwa "tenti" na vipimo vyake. Mama wa mandazi aliuchungulia, akauliza milango ya bafu iko kwenye karatasi gani. Haikuwemo. Akakataa kutia sahihi hadi iandikwe, na wenzake wakaiweka kalamu chini.