Nilivyochagua mabamba ya chini ya kivuko: nguvu peke yake haikutosha

Nilipokabidhiwa kazi ya kusimamia ubadilishaji wa mabamba ya chini ya kivuko kimoja cha Ziwa Victoria, mwenye chombo alikuwa amekwisha kushauriwa kuondoa mabamba ya daraja A (chuma cha kawaida cha meli) yenye unene wa milimita 10 na kuweka ya AH36 (chuma cha meli chenye nguvu zaidi) yenye milimita 8. Hoja haikuwa ya ovyo: daraja A huanza kunyumbuka moja kwa moja, bila kurudi katika umbo lake, mkazo, yaani nguvu inayobeba kila eneo la chuma, ukifika megapaskali 235, ilhali AH36 huvumilia hadi 355; na kila milimita ya unene inayopunguzwa huokoa takribani kilo 7.85 kwa mita ya mraba.

"Injinia," aliniuliza, "kama chuma chenyewe kina nguvu zaidi, unene wa nini?"

Nilimjibu kwa hesabu. Madaraja hayo mawili hutofautiana kwa nguvu, lakini ukakamavu wao, yaani ugumu wa kupindika, ni uleule, takribani gigapaskali 206. Malori yakijaa kwenye ncha mbili za kivuko, chombo hupinda kwa kuinuka katikati, na mabamba ya chini hubanwa. Kwa mataruma ya marefu (mbavu za chuma zinazoshikilia mabamba kwa urefu wa chombo) yaliyoachana milimita 600, nilipata kwamba bamba la milimita 10 la daraja A lingebonyea, yaani lingejikunja kwa kubanwa, kwenye mkazo wa karibu megapaskali 168, na la milimita 8 la AH36 kwenye 132 tu. Yaani lile "imara" lingetangulia kubonyea. Tena kutu haichagui daraja: ikila milimita moja na nusu, bamba jembamba ndilo linaloumia zaidi.

Suala la chuma kupasuka ghafla kwa baridi halikunichukua muda. Meli ya mafuta Schenectady ilivunjika ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, Januari 1943, katika majira ya baridi, na ndiyo maana daraja D hupimwa kwa pigo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na E kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kila moja ikitakiwa kufyonza angalau jouli 27. Maji ya ziwa letu hayakaribii baridi hiyo. Daraja A lilitosha.

Kilichonichelewesha ni vyeti. Kabla bamba halijapandishwa kwenye chelezo, nilisugua kutu pembeni mwake kwa brashi ya waya na kulinganisha namba iliyogongwa na ile ya cheti cha kiwanda. Bamba moja halikuwa na namba inayosomeka. Tulikata kipande, tukakinoa kingo ili sehemu iliyoathiriwa na joto la kukatia isibaki, tukakipiga alama mbili na kukipeleka maabara kivutwe hadi kikatike. Kilipita 235 kwa nafasi nzuri, kikaonyesha shingo (kikawa chembamba sehemu moja) kabla ya kukatika, na umbali kati ya alama ukarefuka kupita asilimia 22 inayotakiwa. Uchunguzi wa kemikali ulionyesha kaboni chini ya asilimia 0.21, nasi tukalikubali, ingawa mkaguzi alitaka alione kwa macho yake.

Mabamba machache ya AH36 yaliyokuwa yamekwisha kununuliwa tuliyaweka kwenye bawaba za mlango wa kupakia magari, kwa unene uleule wa chuma cha awali, na mafundi wakayachomelea kwa vijiti vya kuchomelea vyenye haidrojeni ndogo vilivyotoka moja kwa moja kwenye oveni ya kukaushia.