Nifuteni Kabisa

Juzi mwanangu alichungulia simu yangu, akasoma barua pepe ya mtu aliyekuwa akiniuzia kitu, akauliza, "Baba, huyu anakujua?" Hanijui. "Sasa jina lako kalitoa wapi?" Nikacheka peke yangu.

Swali hilo nililisikia enzi za lile faili letu la majina na anwani za watu. Tulikuwa tunatafuta wateja kwa kuwaandikia watu wasiotujua, na majina yalitoka kila upande: vijitabu vya maonyesho ya biashara, tovuti za kampuni, kadi zilizofungwa kwa mpira. Kampuni moja ilijitokeza mara tatu, hapa "Limited", pale "Ltd", kwingine jina tupu. Excel ilishakula sifuri za mwanzo kwenye namba za simu. Aliyelinyoosha faili hilo ni dada mmoja tuliyekaa naye meza moja. Alitenga jedwali la kampuni na la watu, akayaunganisha kwa kikoa, ile sehemu ya anwani ya barua pepe inayofuata alama ya @, kwa kuwa jina la kampuni kila mtu huliandika anavyojisikia. Halafu akaongeza safu mbili ambazo bosi aliziona za kupoteza muda: "chanzo" na "tarehe".

Asubuhi moja simu ikaita. Dada akaiweka spika. "Shikamoo mzee." Mzee hakuitikia. "Anwani yangu mmeitoa wapi?"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Dada akabonyeza Ctrl+F ya kutafutia, akachapa herufi chache, na kale kamstari kakarukia mahali pake. Akasoma polepole kama anayesoma risiti: kijitabu cha maonyesho fulani, ukurasa fulani, mwaka fulani. Upande wa pili tukasikia kiti kikisogezwa.

"Kumbe niliiandika mwenyewe," mzee akasema. "Basi nifuteni. Nifuteni kabisa, nisibaki popote."

"Futa," bosi akanong'ona.

Dada akaziba simu kwa kiganja. "Nikimfuta leo, orodha mpya ikiingia atarudi kama mgeni, na tutamwandikia tena. Ili tusimwandikie, lazima tubaki naye."

"Haya, mwambie hivyo."

Akamwambia hivyo hivyo, bila kupaka sukari. Mzee akafikiri. "Yaani mtanisahau kwa kunikumbuka?"

"Ndiyo, mzee."

Akakata simu. Hakukubali, hakukataa.

Likazaliwa jedwali la tatu, "wasiandikiwe", na kila orodha mpya ikawa inapitishwa hapo kabla ya kwenda popote. Baadaye nilijua kuna wanaokwepa kuhifadhi hata anwani yenyewe: huigeuza kwa hesabu ikawa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka, na kila anwani mpya hugeuzwa vivyo hivyo ili zilinganishwe. Ni ujanja mzuri, ingawa kwangu mimi huyo mtu bado yumo, amevaa kofia tu. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wa barua nyingi za matangazo waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Wanaobofya, nadhani, huamini wamefutwa. Kwa kawaida wamehamishiwa jedwali jingine.

Bosi, kama mnavyomjua, alikuja kununua orodha kwa mtu. Mzee alikuwamo, anwani yake yote kwa herufi kubwa na nafasi tupu mwishoni, sura ambayo kompyuta huweza kuipitisha ikidhani ni mtu mwingine. Lakini dada alikuwa na mazoea ya kushusha herufi zote na kukata nafasi kabla ya kulinganisha. Mzee akanaswa.

Bosi alifurahi mno, akataka mzee aambiwe kwamba tumetimiza ahadi. Dada akamtazama tu. Ingebidi tumwandikie.